Baridi ya Burgundy na Siri ya Divai Nyekundu

Mkulima yeyote wa nchi yetu anajua kwamba mmea hauna tabia moja kila mahali. Viazi vya Kinangop si ndugu wa viazi vilivyopandwa kwenye joto la bondeni, ingawa mbegu ni moja. Embe la Malindi likiletwa sokoni Nairobi na kuwekwa karibu na embe la mahali pengine, mama muuzaji hatakawia kukutajia lilikotoka, na bei ataipandisha papo hapo. Chai ya Kericho ina sifa zake na chai ya Limuru ina zake. Haya ni mambo tunayoyasema kila siku sokoni na majumbani, kisha tunayasahau.

Lakini wako watu huko Ulaya ambao jambo hilo hawakulisahau. Walilichukua wakalifanya elimu, halafu wakalifanya sheria, na mwishowe wakalifanya utajiri. Watu hao ni wakulima wa mizabibu wa Burgundy, jimbo lililoko mashariki ya Ufaransa, na mali yao ni divai nyekundu iliyopata umaarufu wake kwa sababu ya baridi. Nataka leo niwaeleze wasomaji jinsi nchi ile ilivyoiumba divai ile, kwa maana naona ndani ya habari hiyo kuna somo kubwa kwa sisi tulio na kahawa na chai.

Najua kwamba wapo miongoni mwa wasomaji wetu ambao dini yao imewakataza kileo, na wengine ambao wamejikataza wenyewe. Makala haya si wito wa kunywa. Mtu aweza kusimulia habari za jahazi bila kuwa baharia, na aweza kujifunza kwa mkulima wa zabibu bila kuonja tone la kinywaji chake.

MTOTO WA BARIDI

Zabibu inayotengeneza divai hiyo inaitwa Pinot Noir. Jina lenyewe ni la Kifaransa na lina maana ya msonobari mweusi, kwa sababu kishada chake ni kidogo, kimebanana, na umbo lake linafanana na tunda la msonobari. Ni zabibu ya zamani mno, na wote walioilima husema kwamba ni mmea mgumu kulea. Ganda lake ni jembamba, kwa hiyo huoza upesi mvua ikizidi na huungua upesi jua likizidi. Tena huchipua mapema wakati wa majira ya kuchipua, na jambo hilo huiweka hatarini mwa sakitu, yaani ule umande unaogeuka barafu usiku na kuua chipukizi.

Mtu atauliza: kama ni dhaifu hivyo, kwa nini isipandwe kwenye nchi yenye joto ikastarehe? Jibu ndilo kiini cha habari yote. Zabibu inapoiva, mambo mawili hutendeka ndani yake kwa wakati mmoja. Utamu huongezeka, na uchachu hupungua. Katika nchi ya joto, Pinot Noir huiva mbio mbio. Utamu hujaa kabla harufu haijapata nafasi ya kujijenga, na uchachu huondoka wote. Divai itokanayo huwa nzito na tamu kama jemu iliyopikwa kupita kiasi, haina uhai. Katika nchi ya baridi kiasi, zabibu hiyo hiyo huiva polepole. Mchana hupata jua la kutosha, usiku hupoa, na siku zinapita moja moja hadi Septemba. Uchachu unabaki, na harufu inajikusanya kidogo kidogo.

Mkulima wa kahawa wa Nyeri au Kirinyaga haelezwi jambo hili mara mbili. Yeye anajua kwamba kahawa ya mlimani, inayochelewa kuiva kwa sababu ya baridi, ndiyo inayopendwa na wanunuzi wa ng'ambo kwa uchachu wake mzuri na harufu yake. Ile ya chini, iliyoiva haraka kwenye joto, huwa pooza. Sheria ni ile ile: tunda lililoharakishwa hukosa adabu.

Divai nyekundu ya Burgundy, basi, si nyeusi wala nzito kama divai nyingi za nchi za jua. Ukiimimina kwenye glasi nyeupe utaona rangi kama ya johari nyekundu, na mwanga hupenya ndani yake. Harufu yake ikiwa changa hukumbusha matunda mekundu kama cheri na forosadi. Ikikaa miaka mingi hugeuka, ikawa na harufu ya majani makavu ya msituni, uyoga, na udongo baada ya mvua. Mdomoni ina uchachu unaoamsha mate, na ukakasi wake ni mdogo, kama wa chai iliyochujwa mapema, wala si ule wa ndizi mbichi.

MTEREMKO WA DHAHABU

Moyo wa Burgundy ni ukanda mwembamba wa vilima unaoitwa Côte d'Or. Wengi hulifasiri jina hilo kuwa Mteremko wa Dhahabu, kwa sababu majani ya mizabibu hugeuka manjano kama dhahabu wakati wa vuli. Wengine wanasema ni kifupi cha neno la Mashariki, kwa kuwa mteremko wenyewe unatazama mawio ya jua. Unaanzia karibu na mji wa Dijon na kuelekea kusini kupita mji wa Beaune, urefu wa kilomita 50 hivi, umbali unaozidi kidogo ule wa kutoka Nairobi hadi Thika. Upana wake ndio wa kustaajabisha: mahali pengi haufiki hata kilomita mbili. Mimi niliutembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji mwishoni mwa mwezi wa Septemba, na mara nyingi niliweza kuuona mpaka wa juu na mpaka wa chini wa ukanda huo kwa kugeuza shingo tu.

Nchi hiyo iko digrii 47 kaskazini ya Ikweta. Kipupwe chake ni kikali, theluji huanguka, na mizabibu hulala kabisa, imebaki vijiti vitupu. Tofauti yake na zabibu za jirani zetu wa Dodoma ni kubwa. Huko Tanzania, kwa kuwa hakuna kipupwe cha kuulaza mmea, wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Mzabibu wa Burgundy huvunwa mara moja tu, na usingizi wake wa miezi ya baridi ni sehemu ya maisha yake.

Sasa tuutazame mteremko wenyewe, maana siri nyingi zimefichwa hapo. Juu kabisa, karibu na msitu, udongo ni haba, mawe yametokeza, na upepo wa baridi hupiga. Zabibu za hapo huiva kwa shida. Chini kabisa, kwenye tambarare karibu na barabara kuu, udongo ni mwingi na una rutuba, lakini maji hutuama, na hewa baridi ya usiku hushuka na kukaa hapo, ikaleta sakitu. Mizabibu ya hapo hunenepa, ikatoa majani na matunda mengi yasiyo na ladha kubwa. Katikati, si juu sana wala si chini sana, ndipo penye mashamba yenye sifa. Maji ya mvua hupita upesi, jua la asubuhi hulipiga shamba mapema na kulipasha moto, na mizizi hulazimika kushuka chini katika mawe kutafuta riziki. Sisi tuliozoea kusifu udongo mweusi wenye rutuba tutashangaa, lakini mzabibu ni kama mwanafunzi: akishibishwa mno hulala darasani.

Mawe yenyewe ni ya chokaa. Zamani za kale, mamilioni ya miaka kabla ya binadamu, nchi hiyo ilikuwa sakafu ya bahari ya joto, na chokaa hiyo ni mabaki ya chaza na viumbe wengine wa bahari waliokufa wakajikusanya tabaka juu ya tabaka. Mtu wa Pwani hatapata taabu kuelewa. Nyumba za kale za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na Fort Jesus imesimama juu ya mwamba wa matumbawe. Nayo pia ni mifupa ya viumbe wa bahari. Huko Burgundy mifupa ya bahari ya kale imekuwa shamba. Imechanganyika na udongo wa mfinyanzi, mahali pengine zaidi na mahali pengine kidogo, na ardhi imevunjika na kuteleza mara nyingi hata hatua mia moja zinatosha kukutoa kwenye udongo wa namna moja na kukuingiza kwenye mwingine.

Vijiji viwili vilivyopakana, Pommard na Volnay, ni mfano mzuri. Vyote viwili hupanda Pinot Noir. Lakini divai ya Pommard, kwenye udongo wenye mfinyanzi zaidi, inajulikana kwa nguvu na ukakasi, nayo huhitaji kungoja miaka. Divai ya Volnay, kwenye chokaa nyepesi zaidi, inasifiwa kwa ulaini na manukato. Upande wa kaskazini ni hivyo hivyo: Gevrey-Chambertin ina sifa ya nguvu, na Chambolle-Musigny, iliyo umbali mdogo kutoka hapo, ina sifa ya wororo. Wenyeji wana neno moja kwa mambo haya yote, udongo, mteremko, jua, upepo na mkono wa mkulima. Husema terroir. Na kila kipande cha shamba chenye jina na mipaka yake hukiita climat. Mwaka 2015 shirika la UNESCO liliviingiza vipande hivyo, 1,247 kwa hesabu, katika orodha ya urithi wa dunia.

WATAWA NA WATAWALA

Nani alivijua vipande hivyo kimoja kimoja? Sehemu kubwa ya sifa ni ya watawa. Mwaka 1098 ilianzishwa nyumba ya watawa mahali panapoitwa Cîteaux, kwenye tambarare mashariki ya mteremko. Watawa hao walikuwa na sheria kali ya kazi za mikono, na waumini waliwapa ardhi kama sadaka. Karne baada ya karne walipanda, wakapogoa, wakavuna kila kipande peke yake, wakaonja, na kuandika. Yasemekana hata kwamba walikuwa wakiuonja udongo wenyewe. Sijui kama ni kweli, lakini hadithi haizushwi bure. Yatuonyesha jinsi watu walivyostaajabia uangalifu wao. Shamba lao kubwa, Clos de Vougeot, lenye hekta 50 hivi, walilizungushia ukuta wa mawe, nao ukuta ungali umesimama.

Watawala nao walitia mkono. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe aliyeitwa Jasiri, alitoa amri kwamba mizabibu ya aina ya Gamay ing'olewe katika nchi yake. Gamay huzaa sana na haimsumbui mkulima, na watu maskini waliipenda kwa sababu hiyo. Mtawala aliishutumu kuwa ni mmea mbaya usio na uaminifu, akataka Pinot ibaki. Bila shaka kuna waliolia siku hiyo, kwa maana si jambo dogo kumwambia mwenye njaa apande mti uzaao haba. Lakini Gamay haikufa. Kusini zaidi, katika vilima vya Beaujolais vyenye mawe magumu ya matale, ilipata udongo uliolingana nayo, na huko inatengeneza divai yenye sifa njema mpaka leo. Kila mmea na kwao.

Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yalipofika, mashamba ya kanisa yalitaifishwa na kuuzwa. Baadaye sheria ya Napoleon ya mwaka 1804 iliagiza kwamba watoto wote warithi sawa. Msomaji wa Kenya anajua yanayofuata. Shamba la baba likagawanywa, likagawanywa tena, hata mtu akabaki na mistari michache tu ya mizabibu hapa na mingine kule. Clos de Vougeot, lililokuwa la watawa peke yao, leo lina wenyewe zaidi ya 80. Tofauti na sisi ni kwamba mgawanyo huo haukuliua jina la shamba. Mwenye mistari mitatu na mwenye mistari mia wote huandika Clos de Vougeot kwenye chupa zao, na jina hilo ndilo linalowalisha.

Taja pia hospitali ya Beaune. Mwaka 1443 waziri mkuu wa mtawala, Nicolas Rolin, pamoja na mkewe Guigone de Salins, walijenga hospitali kwa ajili ya maskini waliokuwa wameteswa na vita na njaa. Matajiri waliipa hospitali hiyo mashamba ya mizabibu kama wakfu. Tangu 1859 divai ya mashamba hayo huuzwa kwa mnada kila Novemba, na faida huenda kwenye matibabu na kazi za hisani. Jengo la kale lenye paa la vigae vya rangi sasa ni makumbusho, lakini wakfu unaendelea.

MDUDU NA WADANGANYIFU

Wasomaji wasidhani kwamba watu hao waliishi kwa raha tu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mdudu mdogo kutoka Amerika, aitwaye phylloxera, aliingia Ufaransa na kula mizizi ya mizabibu. Burgundy alifika kwenye miaka ya 1870. Mashamba yalikauka, na wakulima walijaribu dawa za kila aina. Mwishowe dawa ilitoka huko huko alikotoka mdudu: walichukua mashina ya mizabibu ya Kiamerika, ambayo mizizi yake humstahimili, wakaipandikizia matawi ya Pinot. Ni kazi ile ile ambayo mkulima wetu huifanya kwenye miche ya maembe na maparachichi.

Baada ya mdudu walikuja wadanganyifu. Kwa kuwa divai ya kweli ilikuwa haba, wafanya biashara walichanganya divai za bei rahisi kutoka kusini na kutoka Algeria, wakabandika jina la Burgundy na kuuza. Mkulima aliyetoka jasho mteremkoni akakuta jina la kijiji chake linauzwa na mtu ambaye hajapanda hata kijiti. Ndipo wakulima walipopiga kelele. Sheria ya kuzuia udanganyifu ilitungwa mwaka 1905, nyingine juu ya majina ya mahali ikaja 1919, na mwaka 1935 serikali ikaanzisha chombo cha kusimamia majina hayo. Tangu hapo mipaka ya kila shamba lenye jina imeandikwa. Imeandikwa pia aina ya zabibu inayoruhusiwa na kiasi cha juu cha mavuno. Mtu wa tambarare hawezi kulitumia jina la mteremko.

Hivi ndivyo daraja zilivyopangwa. Chini kabisa kuna divai yenye jina la jimbo tu, Bourgogne. Juu yake kuna yenye jina la kijiji. Halafu kuna yenye jina la kijiji pamoja na la shamba la daraja la kwanza. Kileleni kuna mashamba 33 ambayo hutaja jina lake tu, bila la kijiji, na mavuno yake ni sehemu ndogo sana ya divai yote ya Burgundy. Angalia vizuri, ndugu msomaji: kwa kawaida zabibu haitajwi. Kinachotajwa ni mahali. Vijiji vyenyewe viligundua nguvu ya jina zamani. Kijiji cha Gevrey kiliongeza jina la shamba lake mashuhuri, Chambertin, mwaka 1847, na majirani wakaiga.

Na jina lina bei. Shamba la Romanée-Conti halifiki hekta mbili, yaani ni ekari nne na nusu hivi. Kuna wazee wengi wa Murang'a wenye ardhi kama hiyo. Mnamo Oktoba 2018, huko New York, chupa moja ya shamba hilo iliyovunwa mwaka 1945 iliuzwa kwa mnada kwa dola 558,000. Mimi siiti bei hiyo hekima. Ni wazimu wa matajiri. Lakini wazimu huo haukuzuka bure. Umesimama juu ya miaka mia tisa ya kutunza kipande kimoja cha ardhi na kukataa kukichanganya na kingine.

JOTO LABISHA HODI

Sasa hatari mpya imekuja, nayo haiwezi kuzuiwa kwa ukuta wa mawe wala kwa sheria ya bunge. Nchi inapata joto. Katika mji wa Beaune tarehe za kuvuna zabibu zimehifadhiwa tangu mwaka 1354. Wanahistoria walizikusanya na kuzitangaza mwaka 2019, na matokeo yake ni kwamba kwa karne nyingi mavuno yalianza kwa wastani karibu na tarehe 28 Septemba. Tangu mwaka 1988, mavuno yamekuwa yakitangulia kwa siku 13 hivi. Katika mwaka wa joto kali wa 2003 watu walikata zabibu Agosti.

Mtu aweza kudhani kwamba ni heri, maana zabibu sasa zaiva bila taabu. Wakulima wenyewe walisema hivyo mwanzoni, kwa sababu zamani miaka mingi ilikuwa ya baridi kupita kiasi na divai ilikuwa chachu. Lakini heri hiyo ina miiba. Joto la mapema huiamsha mizabibu kabla ya wakati wake, chipukizi zikatoka, kisha sakitu ya Aprili ikazikuta wazi. Ndivyo ilivyokuwa Aprili 2021. Usiku wakulima waliwasha maelfu ya makopo ya mishumaa katikati ya mistari ili kupasha hewa, na mteremko mzima ukawaka kama mji wenye sherehe, ila haikuwa sherehe. Wengi walipoteza sehemu kubwa ya mavuno yao.

Na kuna swali zito zaidi. Kama sifa ya divai hii yatokana na baridi, baridi ikiondoka itabaki nini? Wengine wameanza kutazama mashamba ya juu ambayo babu zao waliyadharau. Nchi zilizokuwa na baridi mno, kama kusini ya Uingereza, sasa zinapanda Pinot Noir. Oregon, huko Marekani, ilitangulia: mwaka 1966 kijana mmoja, David Lett, alipanda Pinot katika vilima vya Dundee huku watu wakimwambia kwamba mvua na baridi vitamfilisi. Mwaka 1980, katika mashindano yaliyofanyika Beaune kwenyewe, divai yake ilishika nafasi ya pili kwa tofauti ndogo sana. Mfanya biashara aliyeyaandaa mashindano hayo, Robert Drouhin, alikwenda akanunua ardhi Oregon mwaka 1987. Mwenye busara hakasiriki akishindwa, huuliza njia.

NA SISI JE?

Mimi nililelewa katika kahawa ya Nyeri, ndiyo sababu nilipokuwa nikitembea kati ya Gevrey na Vosne sikuacha kufikiri habari za nyumbani. Tena kuna undugu ambao wengi hawaujui. Kahawa iliingia nchini mwetu kwa mikono ya wamisheni wa Kifaransa, Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioipanda Bura katika vilima vya Taita mwaka 1893, kisha wakaipanda Nairobi kwenye misheni ya St. Austin's mwaka 1899. Miti yenye asili hiyo ingali inaitwa French Mission. Watu wa nchi inayotukuza jina la shamba ndio waliotuletea mmea, lakini desturi ya kulitukuza jina hawakutuachia.

Kahawa yetu hupangwa kwa ukubwa wa punje: AA, AB, PB na kadhalika. Ni njia nzuri ya kuchambua, lakini ukubwa wa punje haumwambii mnywaji kilima ilikotoka. Mnunuzi katika mnada wa Nairobi huijua ni ya kiwanda gani cha ushirika, kwa maana amepewa sampuli na ameionja. Wapo wakaangaji wa ng'ambo wachache ambao huandika jina la kiwanda chetu kwenye mfuko, na hao huuza kwa bei ya juu. Lakini sehemu kubwa hutiwa katika mchanganyiko ili kuipa ladha kahawa ya watu wengine, na jina la kilima likafia bandarini. Jirani zetu wa Ethiopia waliliona jambo hili mapema. Mwaka 2005 walianza kudai haki ya majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe huko Marekani, na mwaka 2007 wakafikia mapatano na kampuni kubwa ya kahawa iliyokuwa imewapinga.

Sisemi kwamba tuige kila kitu. Burgundy ilikuwa na watawa wasio na watoto wa kulipia karo, na ilikuwa na karne nyingi za kujaribu. Mkulima wetu anataka fedha yake mwezi huu. Tena jina peke yake halileti shibe. Jina bila uangalifu ni debe tupu. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji karne tisa. Ushirika waweza kuandika kila mwaka siku maua yalipotoka, siku mavuno yalipoanza, mvua ilinyesha kiasi gani, na kahawa ya upande gani wa mto ilionekana bora. Wazee wetu wanayajua haya kwa kichwa, na kila mzee akizikwa daftari moja linazikwa naye. Kama karani wa Beaune asingeandika tarehe ya mavuno mwaka 1354, nani leo angeweza kuthibitisha kwamba joto limeongezeka? Joto hilo hilo lapanda katika vilima vyetu pia, na mkulima asiye na kumbukumbu hatakuwa na la kusema ila kwamba zamani kulikuwa na baridi.

Wakulima wa Burgundy wamerithi mteremko mwembamba, wenye mawe, usiofaa kwa mahindi wala ngano, nao wakakataa kuuonea haya. Waliuliza kila kipande kinaweza nini, wakangoja jibu, wakaliandika, na wakalilinda kwa sheria. Sisi tumerithi milima yenye udongo mwekundu na usiku wa baridi ambao wengi duniani wangeutamani. Tuanze na daftari.